Walishiba, moyo ukainuka, wakasahau

Maswali ya wasomaji kuhusu mali, kiburi na anguko katika vitabu vya manabii

Barua za mwezi huu zimekuja nyingi juu ya jambo moja, nasi tumeona tuliachie safu nzima: kwa nini manabii wa Israeli waliyaona mafanikio yasiyo na unyenyekevu kuwa mwanzo wa anguko. Barua tumezifupisha.

Bwana asifiwe, ndugu wahariri. Kanisani tunafundishwa kwamba mali ni ushahidi kuwa Mungu yuko upande wako. Nikisoma Amosi nakuta waliofanikiwa ndio wanaotishiwa uhamisho. Baraka iligeukaje kuwa kosa? (Msomaji, Njombe)

Asifiwe, ndugu yetu. Hata waliomsikiliza Amosi mwenyewe walikwama hapo ulipokwama wewe. Amosi alikuwa mfugaji na mtunza mikuyu wa Tekoa, kijiji kilicho kama kilomita 16 kusini mwa Yerusalemu. Mnamo mwaka 760 K.K. alivuka mpaka akaenda kuhubiri Betheli, katika ufalme wa kaskazini, na huko alikuta nchi iliyonona. Yeroboamu wa Pili alitawala miaka 41. Mpaka wake ulitoka maingilio ya Hamathi hadi bahari ya Araba, na 2 Wafalme 14:25 husema wazi kwamba ushindi huo ulikuwa umetabiriwa na Yona mwana wa Amitai. Mstari unaofuata unaeleza sababu: Bwana aliyaona mateso ya Israeli.

Shika hapo kwanza. Mali ile ilikuwa zawadi kweli, na waliofundisha hivyo hawakusema uongo. Kosa lilianza pale watu walipoanza kuisimulia upya habari ya mali yao. Katika Amosi 6:13 wanajisifu kwamba waliteka miji kwa nguvu zao wenyewe. Kiebrania kinacheza na majina ya miji miwili ng'ambo ya Yordani: Lo-debari, linalosikika kama "si kitu", na Karnaimu, yaani "pembe mbili", ishara ya nguvu. Nabii anawaambia kwamba wanashangilia Si-kitu.

Utajiri wenyewe umefukuliwa. Mwaka 1910 wachimbaji wa Samaria, uliokuwa mji mkuu wa ufalme huo, walikuta vigae vya vyungu vilivyoandikwa kwa wino, ambavyo wataalamu wengi huviweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 8 K.K. Ni kumbukumbu fupi fupi: mwaka wa mfalme, jina la kijiji, jina la mtu, kisha "mtungi wa divai ya zamani" au "mtungi wa mafuta safi". Bidhaa bora ya vijiji ilikuwa ikipanda kwenda mji mkuu. Uchimbaji wa miaka ya 1930 ukatoa mamia ya vipande vya pembe za ndovu vilivyochongwa kwa kupambia samani. Soma sasa Amosi 6:4-6: vitanda vya pembe, divai ya mabakuli, mafuta yaliyo mazuri. Wala mstari wa 6 hauishii kwenye mafuta. Unamalizia kwa kusema kwamba hawakuhuzunika kwa mateso ya Yusufu, yaani ya watu wao wenyewe wa Israeli. Hilo ndilo shtaka.

Mateso hayo yalipita kwenye kipimo. Amosi 8:5-6 anataja njia tatu: efa ndogo, shekeli kubwa, na takataka za ngano. Siku hizo hapakuwa na sarafu. Mnunuzi alileta vipande vya madini ya fedha, vikapimwa kwenye mizani dhidi ya jiwe la uzito, na nafaka ikapimwa kwa chombo cha efa, karibu lita 22. Mfanyabiashara akipunguza efa kwa sehemu moja ya kumi, halafu jiwe la shekeli akaliongeza kwa sehemu moja ya kumi, maskini anatoa fedha ya 11 kwa nafaka ya 9. Bei imepanda kwa zaidi ya asilimia 22 na hakuna aliyetangaza bei mpya. Changanya na makapi, hasara inazidi. Wewe unayeandika kutoka Njombe huhitaji kuelezwa sana: lumbesa ni ndugu wa kosa hilohilo, ila kule Samaria muuzaji alipunguza chombo na huku mnunuzi anavimbisha gunia. Pande zote mbili anayeumia ni yule asiye na nafasi ya kubisha.

Aliyepunjwa alikopa. Aliyekopa akaweka nguo rehani, na Kutoka 22:26-27 iliamuru nguo hiyo irudishwe kabla ya jua kuchwa, kwa kuwa ndiyo blanketi lake. Amosi 2:8 anawakuta wadai wamezitandika nguo hizo kando ya madhabahu na kulala juu yake. Tuna hata sauti ya mtu aliyetendewa hivyo: kigae cha karne ya 7 K.K. kilichopatikana mwaka 1960 karibu na Yavne-Yam, ambamo mvunaji anamlalamikia afisa kwamba nguo yake imechukuliwa ilhali alimaliza kazi yake. Na asiyekuwa na nguo alichukuliwa mwenyewe: "jozi ya viatu" ya Amosi 2:6 ni deni dogo kiasi hicho, lililotosha kumfanya mtu mtumwa.

Anguko halikuchelewa. Baada ya Yeroboamu walitawala wafalme 6 kwa muda wa miaka ipatayo 30, na 4 kati yao waliuawa na wale waliowarithi kiti. Mmoja wa hao 6, Menahemu, alimlipa mfalme wa Ashuru talanta 1,000 za fedha, akiwatoza matajiri shekeli 50 kila mmoja (2 Wafalme 15:19-20). Talanta ina shekeli 3,000. Piga hesabu: shekeli milioni 3 gawa kwa 50, ni watu 60,000 waliotoa kila mmoja zaidi ya nusu kilo ya fedha. Mawe yaleyale ya mizani sasa yalikuwa yakiwapima wao. Samaria ikaanguka mwaka 722 K.K., na Sargoni wa Pili wa Ashuru akajiandikia kwamba alihamisha watu 27,290.

Mimi hufundisha shule ya Jumapili ya watu wazima. Nataka somo la saa moja juu ya jambo hili. Nianze wapi, na nitafute maneno gani? (Mwalimu, Kakamega)

Mwalimu, anza na mstari mmoja tu, Hosea 13:6, uuandike ubaoni. Ndani yake mna mambo matatu yanayofuatana: walishiba, moyo wao ukainuka, wakanisahau. Kumbukumbu la Torati 8:12-17 ina mpangilio huohuo kwa urefu zaidi: kula na kushiba, nyumba nzuri, mifugo kuongezeka, fedha na dhahabu kuzidi, moyo kuinuka, kusahau, na mwishoni sentensi inayosemwa moyoni, kwamba nguvu zangu na uwezo wa mkono wangu ndio ulionipatia utajiri huu. Wanafunzi wako wakishaushika mfuatano huo watautambua kila mahali.

Neno la kutafuta ni "moyo" likiwa pamoja na "kuinuka" au "kutukuka". Kiebrania hutumia *gavah* au *rum*, yote mawili yakiwa na maana ya kwenda juu. Neno jingine ni *ga'on*, na hili linahitaji uangalifu. Shina lake ni kupanda na kufura: Ezekieli 47:5 hulitumia kwa maji ya mto yaliyofura, na Yeremia 12:5 huita vichaka vinene vya ukingo wa Yordani *ga'on* ya Yordani. Kwa Mungu neno hilo huwa utukufu, kwa mtu huwa kiburi. Kwa hiyo usishangae Biblia ya Kiswahili ikilitafsiri mahali pamoja "fahari" na pengine "kiburi". Linganisha tafsiri mbili kabla ya darasa.

Kisha chagua kifungu kimoja, kisizidi kimoja: Obadia mstari wa 1 hadi 14, au Isaya 47, au Ezekieli 28:1-10. Dakika 15 za kwanza watie alama vitenzi. Dakika 15 zinazofuata watafute maneno ambayo nabii ameyaweka kinywani mwa mwenye kiburi. Edomu wa kitabu cha Obadia, taifa la uzao wa Esau nduguye Yakobo, aliyejenga katika mapango ya majabali, anasema, ni nani atakayenishusha? Babeli katika Isaya 47:8 na Ninawi katika Sefania 2:15 wanasema maneno yaleyale kwa Kiebrania, *ani ve'afsi od*, kwamba nipo mimi na hakuna mwingine. Ninawi ilianguka mwaka 612 K.K., Babeli mwaka 539 K.K. Miji miwili iliyochukiana, moja ikiwa imesaidia kuiangusha nyingine, na kauli yao moja.

Nusu saa iliyobaki ni ya swali ambalo walimu wengi huliruka: nani ameumia? Katika Obadia mstari wa 11 hadi 14 ni ndugu, Yakobo, yaani watu wa Yuda, aliyekimbia mji wake unaporwa na Edomu akasimama kando, kisha akazuia njia panda ili wakimbizi wakamatwe. Ukiliruka swali hili somo linaharibika kwa namna mbili. Ama linakuwa shambulio dhidi ya kila mwenye gari na nyumba ya ghorofa, ama linakuwa mawaidha ya adabu, watu wakidhani unyenyekevu ni kusema kwa sauti ya chini na kuinamisha kichwa. Yeremia 22 inazuia makosa yote mawili. Mfalme Yehoyakimu wa Yuda anakemewa kwa kujenga jumba pana, madirisha makubwa, mbao za mwerezi na rangi nyekundu, kwa kazi ya watu asiowalipa mshahara. Papo hapo mstari wa 15 na 16 unakumbusha kwamba baba yake, Yosia, naye alikula na kunywa, lakini aliamua maneno ya maskini na mhitaji. Meza ya Yosia haikuwa na lawama.

Ezekieli 26 inasema Tiro hautajengwa tena. Rafiki yangu anasema huo ni unabii ulioshindwa, kwa sababu mji upo hadi leo. Nimjibu nini? (Msomaji, Nairobi)

Kwanza, mkubalie ukweli. Tiro upo, kusini mwa Lebanoni, na watu wanauita Sur. Hata Matendo 21 inamkuta Paulo akikaa siku 7 na waumini wa huko. Mhubiri anayesema kwamba hakuna mtu anayeishi Tiro anaukosea mji na kulikosea Neno analolitetea.

Sasa tuisome habari yenyewe, kwa maana ni mojawapo ya sehemu tajiri kuliko zote katika vitabu vya manabii. Tiro ya kale ilikuwa kisiwa karibu na pwani, na jina lake la Kiebrania, *Tzor*, lina maana ya mwamba. Ndiyo maana tishio la Ezekieli 26:4 ni kuufanya jabali tupu: utabaki na jina lako tu. Kosa la kwanza analolitaja (26:2) si bei wala sanamu. Yerusalemu ulipobomolewa, Tiro ilisema "Aha!", kwa kuwa lango la mataifa limevunjika na sasa biashara yote itageukia kwake. Mfanyabiashara alifurahia moto wa jirani kwa sababu ya wateja.

Sura ya 27 inauchora mji kama chombo, na msomaji wa Lamu au Unguja ataielewa haraka kuliko profesa wa mbali. Mbao ni za miti ya Seniri, mlingoti wa mwerezi wa Lebanoni, makasia ya mialoni ya Bashani, tanga la kitani cha Misri lenye nakshi. Wavuta makasia wametoka Sidoni na Arvadi, na mafundi wa kutia kalafati ni wazee wa Gebali. Shehena inatoka kila upande: fedha, chuma, bati na risasi za Tarshishi, divai ya Helboni na sufu nyeupe kupitia Dameski, ngano na asali na mafuta kutoka Yuda na Israeli. Ezekieli anaisifu kazi hiyo. Hasemi popote kwamba kalafati ilikuwa mbovu au nahodha alikuwa mzembe. Kisha mstari wa 25 unasema chombo kilijazwa, na kitenzi kinachofuata ni *kavad*, ambacho kwa Kiebrania ni kuwa mzito na pia kuwa na heshima kubwa. Kiswahili kina njia hiyohiyo tunapomwita mtu mwenye cheo "mtu mzito". Kilichoipa Tiro heshima ndicho kilichoutia uzito. Wavuta makasia wake mwenyewe wanaupeleka kwenye maji makuu, upepo wa mashariki unavuma, na unavunjika katikati ya bahari pamoja na mali, mabaharia na mafundi wake.

Sura ya 28 inataja chanzo. Mstari wa 4 na 5: kwa hekima umepata utajiri, kwa biashara umeuongeza, na kwa utajiri moyo wako umeinuka. Hekima ile ilikuwa ya kweli. Mstari wa 16 unaongeza kwamba kwa wingi wa biashara walijazwa udhalimu ndani yao, na wa 18 unautaja uovu wa biashara yenyewe.

Kuhusu kutimia: Nebukadreza, mfalme wa Babeli, aliuzingira mji miaka 13, kwa maelezo ya Yosefo mwanahistoria. Na hapa kuna jambo ambalo rafiki yako labda hajaliona. Ezekieli 29:17-20, neno lenye tarehe ya mwaka 571 K.K., linakiri waziwazi kwamba jeshi la Babeli lilifanya kazi hadi vichwa vikapata upara na mabega yakachubuka, lakini halikupata ujira kutoka Tiro. Waliokihifadhi kitabu hawakulifuta. Mwaka 332 K.K. Aleksanda Mkuu alijenga tuta kutoka bara kwa vifusi vya mji wa kale wa pwani, akauteka mji kwa miezi 7. Mchanga ulikusanyika kwenye tuta hilo, na kisiwa kikawa rasi hadi leo. Kilichokwisha ni Tiro ile ya sura ya 27, malkia wa bahari aliyeamini kwamba maji ni ukuta wake. Lugha ya "hutaonekana tena" ni lugha ya maombolezo ya msiba, *kina* kwa Kiebrania, na Isaya 23:15-18 akizungumzia mji huohuo anasema baada ya miaka 70 utarudia biashara, na faida yake itawalisha na kuwavika wakaao mbele za Bwana. Manabii wenyewe waliacha mlango wa Tiro ya namna nyingine. Mpe rafiki yako vifungu vyote viwili, Ezekieli 29 na Isaya 23, asome mwenyewe.

Mimi ni Mwislamu. Kisa chenu hiki kinanikumbusha Karuni. Je, yumo katika vitabu vya Kiebrania? (Msomaji, Tanga)

Yumo, kwa jina la Kora, katika Hesabu 16, aliyemezwa na ardhi pamoja na nyumba yake. Torati haisemi kwamba alikuwa tajiri. Kosa lake pale ni kugombea ukuhani na kumpinga Musa na Haruni. Utajiri unaonekana katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, inayosema funguo za hazina yake zilikuwa mzigo wa nyumbu weupe 300. Sura ya 28 ya Kurani nayo inataja funguo zilizowalemea watu wenye nguvu. Na kauli ya Karuni katika aya ya 78, kwamba alipewa kwa elimu aliyo nayo, iko karibu kabisa na ile ya Kumbukumbu la Torati 8:17 tuliyompa Mwalimu wa Kakamega.

Isaya 14:12, nyota ya alfajiri iliyoanguka, ni Shetani au mfalme? (Msomaji, Bukavu)

Mstari wa 4 unajibu: ni wimbo wa mzaha juu ya mfalme wa Babeli. Kiebrania kinamwita *Helel ben Shahar*, mwana wa asubuhi. Kumhusisha na Shetani ni usomaji wa Wakristo wa baadaye, na wapo wanaoushika kwa moyo safi. Ila ukianza nao, utazikosa "nita" tano za mstari wa 13 na 14: nitapanda mbinguni, nitakiinua kiti changu, nitaketi, nitapaa, nitafanana na Aliye juu. Mstari wa 15 unajibu zote tano kwa kitenzi kimoja cha kushushwa.

Uzia alitaka kumfukizia Mungu uvumba tu. Mbona akapigwa ukoma kwa kuabudu? (Msomaji, Kigoma)

Soma 2 Nyakati 26 polepole, utaona mwandishi amekuandalia jibu. Uzia, mfalme wa Yuda, alianza akiwa na miaka 16, akatawala miaka 52. Aliijenga Elathi, bandari ya kusini. Alijenga minara Yerusalemu na jangwani, akachimba visima vingi, akaweka wakulima na watunza mizabibu kwa kuwa alipenda kilimo. Alikuwa na jeshi la watu 307,500 na mitambo ya kurusha mishale na mawe makubwa juu ya minara. Mstari wa 15 unasema alisaidiwa kwa namna ya ajabu hata akawa na nguvu. Wa 16 unaanza: lakini alipokuwa na nguvu, moyo wake uliinuka. Hakuna mstari mwingine kati ya hiyo miwili. Neno "nguvu" ni bawaba ya mlango.

Kufukiza uvumba ilikuwa kazi ya wana wa Haruni (Kutoka 30:7-8). Katika Israeli mfalme hakuwa kuhani, na utengano huo uliwekwa ili mtu mmoja asishike kila kitu. Uzia alikuwa na jeshi, bandari, ardhi na hazina, na chumba kimoja tu ndicho kilichokuwa hakimhusu. Akaenda huko. Kuhani Azaria na makuhani wengine 80 walimzuia, naye akakasirika, chetezo mkononi. Ukoma ulitokea kwenye paji la uso wakati ule wa hasira. Tunaamini kwamba kama angeweka chetezo chini akatoka, habari yake ingekwisha vingine. Alikaa katika nyumba ya peke yake hadi kufa, mwanawe Yothamu akiamua watu.

Kuna kibao cha jiwe kilichotambuliwa mwaka 1931 katika mkusanyiko wa nyumba ya watawa ya Kirusi kwenye Mlima wa Mizeituni, chenye maandishi ya Kiaramu kwamba mifupa ya Uzia mfalme wa Yuda ililetwa hapa, na kisifunguliwe. Kimeandikwa karne nyingi baada yake. Hata mifupa ilikuwa bado ikihamishwa.

Isaya aliitwa mwaka aliokufa Uzia. Angalia Isaya 2:7, namna anavyoitazama nchi ile: fedha na dhahabu isiyo na mwisho, farasi na magari yasiyo na mwisho. Ifunue Kumbukumbu la Torati 17:16-17, ambako mfalme anakatazwa kujizidishia farasi, wake, fedha na dhahabu. Isaya anafanya ukaguzi wa hesabu akiwa na sheria mkononi.

Je, unyenyekevu huweza kuzuia anguko lililokwisha kutamkwa? Na kwa vitendo ni kufanya nini? (Msomaji, Morogoro)

Huweza. Mika alitamka kwamba Sayuni italimwa kama shamba (3:12). Karne moja baadaye wazee wa nchi, katika Yeremia 26:17-19, walikumbusha kwamba Hezekia alimcha Bwana na neno lile halikuja siku zake. 2 Nyakati 32:25-26 inasema huyohuyo Hezekia moyo wake uliinuka baada ya kuponywa, kisha akajinyenyekeza, yeye na wenyeji wa Yerusalemu. Nebukadreza naye, katika Danieli 4 (kitabu ambacho Wayahudi hukiweka miongoni mwa Maandiko, nje ya orodha ya Manabii), alipewa miezi 12 kati ya ndoto na hukumu, pamoja na ushauri ulio wazi: acha dhambi kwa kutenda haki, na kuwahurumia maskini. Miezi ilipita bila kitu. Siku ile juu ya jumba la kifalme alisema, Babeli hii niliyoijenga mimi. Na kweli aliijenga: matofali yenye chapa ya jina lake yamepatikana kwa maelfu.

Kwa vitendo, Torati haikuuacha unyenyekevu uwe hisia ya moyoni. Iliugawa katika kazi. Mfalme ajiandikie nakala ya sheria na kuisoma siku zote, ili moyo wake usiinuke juu ya ndugu zake (Kumbukumbu la Torati 17:18-20). Mwenye mawe ya mizani awe na seti moja tu mfukoni (25:13-15). Mwenye shamba asivune hadi pembeni (Walawi 19:9), na marabi katika Mishna, mkusanyo wao wa kale wa sheria, waliweka kiwango: kona inayoachwa kwa maskini isipungue sehemu 1 ya 60. Anayeunganisha shamba kwa shamba hadi jirani hana mahali anaonywa na Isaya 5:8-10 kwa hesabu ya kutisha: homeri ya mbegu itatoa efa moja. Homeri ni efa 10, yaani atavuna sehemu ya kumi ya alichopanda.

Na kila mwaka, malimbuko. Kumbukumbu la Torati 26 inamtaka mkulima atie matunda ya kwanza katika kikapu, ayapeleke mbele za Bwana na kutamka kwa kinywa chake kwamba baba yake alikuwa Mwarami aliyekaribia kupotea, kwamba alikuwa mtumwa Misri, na kwamba nchi hii amepewa. Kisha anafurahi kwa mema yote pamoja na Mlawi na mgeni. Mishna inaeleza jinsi ilivyofanyika hekaluni. Ukiona mtini umezaa tini ya kwanza, unaifunga kwa unyasi na kusema, hili ni limbuko. Matajiri walikuja na vikapu vilivyopakwa fedha na dhahabu, maskini na vikapu vya fito, na kila mtu alipofika Mlima wa Hekalu alijibebea kikapu begani, hata mfalme Agripa. Mwanzoni waliojua kusoma walisoma tamko wenyewe, na wasiojua walisomewa wakafuatisha. Wasiojua wakaona haya, wakaacha kuja. Basi ikaamriwa kwamba wote wasomewe, anayejua na asiyejua.